Kiko cha Muhuri

Ilikuwapo nchi ya Fukuto, iliyolala chini ya mlima mmoja kama panzi chini ya unyayo wa tembo. Ardhi yake yote ilioteshwa tumbaku, hata viunga vya nyumba za ibada, na kileleni waliishi watawala walioitwa Wapumuao, kwa kuwa hewa safi ilibaki huko juu peke yake. Mkuu wao, Mtukufu Tambalawi, ndiye aliyekuwa mwenye mashamba, mwenye maghala na mwenye kutunga sheria. Kila mwaka, vijana walipozidi kukohoa bondeni, aliwahurumia kwa sauti kubwa, kisha akatunga upya sheria ileile ya kuwakataza tumbaku.

Ila huko Fukuto sheria haikuwa sheria mpaka itiwe muhuri wa moshi. Kiko kikubwa kiliwashwa bondeni, kikapandishwa kileleni kikiwaka, na desturi ilitaka kibebwe na vijana. Ili kisizimike, walikivuta kwa kupokezana njia nzima. Kilipofika, Wapumuao walikitazama tu, wakapiga makofi. Hakuna aliyekitia mdomoni. Hivyo kila sheria ya kuwaokoa vijana ilizaa wavutaji wapya, na Wapumuao wakashangaa, wakaunda kamati ya kutafuta chanzo.

Mwaka mmoja alichaguliwa Chema, binti wa Bi. Nuruwe, awe miongoni mwa wabebaji. Kaka yake alikuwa amekibeba mwaka uliotangulia, na sasa hakuweza kumaliza sala bila kutoka nje kuvuta. Bi. Nuruwe alipanda mlima, akaomba sheria ipitishwe kwa kunyoosha mikono tu. Akajibiwa kwamba mila haziguswi, kwamba heshima hiyo wenzake wanaililia, na kwamba semina ya wazazi inaandaliwa, chai ikiwemo.

"Mama, mbona unatupiga vita?" Tambalawi alimwuliza. "Sheria hii ni ya kumlinda huyohuyo binti yako."

"Basi itieni muhuri kwa mapafu yenu, baba. Ya nyumbani kwangu yameshashika zamu."

Aliteremka akisali kwa hasira, akimwuliza Mola watu hawa aliwapa masikio ya nini. Akapita mlango kwa mlango. Siku ya muhuri, kina mama walisimama wakiwa wamewashika watoto wao mikono, na hakuna aliyekigusa kiko. Ikabidi kipakiwe juu ya punda, kikafika kimezimika.

Tambalawi, kwa kuogopa aibu, alikiwasha mwenyewe. Alivuta mara moja tu. Moshi ukajaa ukumbini, Wapumuao wakainama wakishikilia vifua, na karani alipouliza kama aandike kuwa sheria imepita, hakupata jibu zaidi ya kikohozi.

Kikohozi hicho kiliteremka mlima mzima hadi bondeni.

"Mama, imepita?" Chema aliuliza.

Bi. Nuruwe alitega sikio kwa muda.

"Bado wanajadiliana," alisema.