Posa Iliyorudiwa Mlimani

Mjukuu wangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba yangu, mlango unatazama barabara, na ukiingia bila viatu utatoka na pini unyayoni. Mashine ya kwanza aliinunua kwa kushona sare za shule kwenye mashine ya watu mpaka macho yakamwiva. Leo ana wasichana wawili anaowafundisha kazi.

Mchumba wake aliuza sofa katika duka lenye vioo. Kijana nadhifu. Shati lake halikuwa na kunyanzi hata moja, na paji la uso nalo halikuwa na kunyanzi, maana halikuwahi kusumbuliwa na fikra.

Jambo moja tu lilimnyima mjukuu wangu usingizi. Alimuuliza, "Tukioana, chumba changu cha kushonea nitaendelea nacho?"

"Mpenzi, mambo makubwa hayazungumzwi kwenye vumbi la vitambaa. Jumapili twende mlimani, nitakujibu kule juu."

Na mimi nikaalikwa. Nikadhani ni heshima, kumbe picha ilihitaji mzee.

Tulikuwa wanne: wao wawili, mimi, na dada wa yule kijana, ambaye mjukuu wangu alishaanza kumwita wifi. Yeye ndiye aliyeshika simu ya kupigia picha za video. Njia haikuwa ya kutisha. Ilipanda taratibu, ikiuzunguka mlima kama mtu anayezunguka duka bila nia ya kununua. Mimi na magoti yangu tulielewana nayo. Lakini kijana alivaa buti za kukwelea barafu, ana fimbo mbili, na mkoba wenye mikanda kama anakwenda kuruka kutoka kwenye ndege. Ndani ya mkoba mlikuwa na nini? Mashati ya kubadilisha. Chai na mayai ya kuchemsha nilibeba mimi kwenye kikapu.

Kila kona dada mtu alitusimamisha, akianza na mjukuu wangu.

"Wifi, nyanyua kidevu. Bibi, hebu sogea, kivuli chako kinaingia."

"Kivuli changu kilikuwapo kabla ya simu yako, mama," nikamwambia. Hakusikia.

Tulipopumzika, nikawachangamsha. "Kitendawili!"

"Tega," akaitika mjukuu wangu peke yake.

"Mgeni wangu ana jicho moja, anameza milima na hashibi."

Kijana akafikiri, masikini, mpaka jasho likamtoka. "Tingatinga?"

"Ni simu ya wifi!" akasema mjukuu wangu. Tukacheka sisi wawili. Wifi alikuwa anaifuta simu kwa kitambaa.

Huko juu kuna roshani ya mbao yenye uzio, na mji wote uko chini, mabati yanameta. Mjukuu wangu hakuangalia mji. Akamshika kijana mkono. "Haya, tumefika. Nijibu."

Kijana akapiga goti, akatoa pete. "Utakuwa mke wangu?"

"Nitakuwa. Ila chumba changu..."

"Simama hapo hapo!" akapiga kelele wifi. "Kaka, umefumba macho. Turudie. Na Bibi, unaweza kulia kidogo? Watu wanapenda bibi akilia."

"Mwanangu, machozi yangu nayaweka kwa ajili ya misiba."

Kijana akabadilisha shati, akapiga goti tena. "Utakuwa mke wangu?"

"Nitakuwa. Lakini chumba changu cha kushonea?"

Akajibu huku anatabasamu, meno yamebana, asije akaharibu picha. "Sema ndiyo tu. Hilo swali tutalikata."

"Utalikata kwenye picha, au kwenye ndoa?"

"Jamani! Kwani mke wangu atashinda na pini mdomoni, anashonea watoto wa watu kaptura? Utafunga, basi. Turudie, jua linaondoka."

Ulimi uliniwasha, lakini nikaufunga. Swali halikuwa langu. Mjukuu wangu aliutazama mji kwa mara ya kwanza, kama anayetafuta bati la nyumba yetu. Kisha akarudi, akasimama pale pale alipowekewa alama.

Kijana akapiga goti, suruali imeshashika vumbi. "Utakuwa mke wangu?"

"Hapana."

Pete ikabaki juu mkononi mwake. Tabasamu nalo likabaki palepale, kama bango la uchaguzi uliokwisha.

"Umenijibu, nami nimekujibu," akasema mjukuu wangu, kwa upole kabisa. Kisha akachukua kikapu mkononi mwangu. "Twende, Bibi."

Wifi, ambaye alikuwa anatazama kioo cha simu tu, akanyanyua dole gumba. "Safi! Hii ndiyo imetoka! Mwanga mzuri, macho yote wazi!"

Tulikuwa tumeshaanza kushuka nilipomsikia kijana akimuuliza dada yake, kwa sauti ndogo, "Na sauti nayo imeingia?"

"Yote, kaka. Neno kwa neno."