Usingizi wa Kanali Festus

Jumanne mchana, Bi Kijakazi alikuwa amesimama jikoni kwake Silver Spring, Marekani, anapiga pasi sare yake ya kazi, mlango ulipogongwa. Lifti ya jengo ilikuwa mbovu, kwa hiyo mtu aliyesimama nje alikuwa anahema kama aliyekimbizwa. Alikuwa mtumishi wa mahakama, mzungu mnene mwenye beji kiunoni, amebeba sanduku la barafu, yale ya buluu ambayo watu huwekea soda wakienda pikiniki. Ndani ya sanduku mlikuwa na mkoromo, wa taratibu, kama wa mtu aliyeshiba.

"Usingizi," alisema yule mtumishi, akataja namba ya kesi.

Bi Kijakazi alizima pasi. Alimwambia auweke kwenye kochi, akamletea maji ya kunywa, akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Mtumishi alimwonya asiuache juani, kisha akaanza kushuka ngazi.

Kesi ile ilianza Layla, binti yake, akiwa bado anabebewa mkoba wa shule. Ilipokwisha, Layla alikuwa anaendesha gari lake mwenyewe. Mshitakiwa alikuwa Kanali Festus. Zamani, enzi za yule Rais aliyebandika sura yake kwenye kila noti na kila ukuta, Kanali alikuwa mkuu wa jengo moja la serikali lisilokuwa na madirisha. Sasa alikuwa anaishi Sterling, upande wa Virginia, katika nyumba yenye nguzo nyeupe mbele, na nyuma yake majengo makubwa yaliyojaa mitambo ya kompyuta inayovuma kutwa kucha. Hakujificha. Wanaojificha ni waliopigwa. Yeye alikuwa mgeni rasmi. Kila harusi, kila harambee, kila sherehe ya uhuru, meza kuu ilikuwa na kiti chake, na watu ambao baba zao waliingia kwenye lile jengo walikuwa wanapigana vikumbo kumpakulia pilau.

Bi Kijakazi alimshitaki kwa ajili ya kaka yake. Shamte alikuwa mchapaji. Walimchukua kutoka dukani kwake na wino mikononi, kwa sababu alichapa karatasi moja ambayo serikali haikuipenda. Hakurudi, na maiti haikurudi. Mkewe, Yumna, alibaki kwao pwani akingoja, na hadi leo hajakaa eda, maana hajui aihesabu tangu siku gani. Mashehe walimwambia kadhi anaweza kumpa tarehe. Aliwajibu kwamba tarehe anayo aliyemuua. Basi Bi Kijakazi alichotaka kwa Kanali kilikuwa hicho tu: siku, na mahali.

Mahakamani Kanali aliulizwa siku, akasema hakumbuki. Aliulizwa mahali, akasema hakumbuki. Jaji alimtia hatiani, akaamuru alipe fidia. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Kanali ni fukara. Nyumba ilikuwa ya mkewe. Magari yalikuwa ya mwanawe. Akaunti ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilikuwa ya shemeji. Hata saa ya dhahabu iliyokuwa inameremeta mkononi mwake siku hiyo, alisema ameazimwa.

"Kwa hiyo dunia hii yote huna kitu kilicho chako?" aliuliza Gichuki, wakili wa Bi Kijakazi, kijana wa kwao aliyesoma sheria huku akiegesha magari ya watu hotelini.

Kanali alitabasamu. "Nina usingizi wangu. Nalala vizuri sana, kijana. Tangu enzi zile mpaka jana, hakuna hata mmoja wa watu wako aliyenikosesha lepe la usingizi."

Ilikuwa kejeli, lakini alikuwa amekula kiapo. Jaji aliandika. Wakili wa Kanali alisimama kupinga, akasema usingizi ule ni mali ya ndoa. Jaji alimwuliza mke kama huwa wanalala usingizi mmoja. Mke alisema la, yeye ana wake, tena wa vidonge. Basi jaji akaamuru usingizi wa Kanali ukamatwe wote, ukabidhiwe mdai, na deni lihesabiwe limelipwa.

"Chukua, Mama Layla," Gichuki alimwambia kwenye korido. "Hapa kortini alikuwa na lawyer wa kumziba mdomo. Ndotoni hakuna lawyer. Kama kuna mahali amemficha ndugu yako, ni humo."

"Na nikiukataa, mwanangu?"

"Ukiukataa unaenda nyumbani na hukumu ya kutundika ukutani."

Kwa kuwa kazi yake ya kuwatunza wazee ilikuwa ya usiku, mchana ndio ulikuwa wakati wake wa kulala. Mtumishi wa mahakama alipoondoka, Bi Kijakazi alifunga pazia, akafungua sanduku. Usingizi ulikuwa wa kijivu, mzito kama blanketi lililolowa, umekunjwa vizuri, unanuka mafuta ya nywele na nyama choma. Aliutandaza kitandani, akapiga bismillahi, akaingia.

Alilala fofofo. Hakuwahi kulala hivyo tangu Shamte achukuliwe. Usingizi wake mwenyewe ulikuwa matambara, una matundu kila mahali, na Shamte alikuwa anapitia kwenye matundu hayo, anakuja kusimama dirishani na wino wake mikononi, hasemi kitu. Huu wa Kanali haukuwa na tundu hata la sindano. Ndani yake mlikuwa na uwanja wa majani yaliyokatwa, mpana, na kiti kimoja cha kupumzikia, na upepo mzuri. Bi Kijakazi alitembea uwanjani mpaka saa ya mezani ikamwamsha. Hakukuta mtu.

Aliamka magoti hayaumi, macho meupe, uso umenyooka kama wa bibi harusi. Layla alimtazama, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba leo amependeza. Bi Kijakazi alikwenda msalani, akausugua uso kwa sabuni mpaka ukawasha.

Kila mchana alirudi mle. Alianza na upande wa kiti, akafuata ua uliozunguka uwanja, akainua kiti chenyewe, akachimba kwa mikono chini ya majani. Chini ya majani mlikuwa na majani. Mara moja alisikia sauti kwa mbali, akakimbia na kanga yake mkononi; ilikuwa mashine ya kumwagilia. Hapakuwa na jengo. Hapakuwa na mlango wa chuma, wala ndoo, wala waya, wala kijana mwenye wino. Bi Kijakazi alikuwa amejitayarisha kukuta kaburi lililofichwa. Hakujitayarisha kwa hili, kwamba watu wote wa lile jengo, katika maisha yote ya yule bwana, hawakuwahi kuingia usingizini mwake.

Yumna alikuwa anapiga simu ya video kila Ijumaa baada ya sala.

"Wifi, umemwona?"

"Bado, wifi. Nimebakisha upande wa bondeni."

"Lakini wewe umenawiri! Unakula nini huko?"

"Nalala."

"Haya lala, wifi yangu, lala. Kanga za eda nilizonunua mwanzo nilizivaa zikachakaa, nimekwisha nunua nyingine. Bonde gani litanishinda mimi kungoja?"

Kanali, kwa upande wake, hakupungukiwa na kitu. Waliomtakia akonde walingoja wakachoka. Mtu anayenyimwa usingizi na roho yake huisha, lakini Kanali alinyang'anywa na mahakama, na roho yake haikuhusika. Alichopata ni saa nyingi zaidi. Alizitumia kuandika kitabu juu ya maisha yake. Alianzisha taasisi ya amani na maridhiano. Alipokea simu za watu wa kwao nyumbani saa ambazo wanasiasa wengine walikuwa wamejifunika shuka, akawajibu wote, kwa upole, akiulizia na watoto. Haukupita muda nyumbani wakaanza kumwita Kiongozi Asiyelala, wakachapisha fulana zenye maneno hayo, na Kanali akatangaza kwamba anarudi kugombea useneta.

Watu wa kwao waliokuwa Silver Spring walimfanyia sherehe ya kumuaga, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Mshereheshaji alikuwa Wambura, yule yule wa harusi na misiba.

"Wengine wanalala mkilia!" Wambura alipaza sauti kwenye maikrofoni. "Huyu halali! Halali kwa nini?"

"Kwa ajili yetu!" ukumbi ulijibu.

Bi Kijakazi aliingia na mfuko wa nguo za kufua begani. Alipita katikati ya meza, akafika meza kuu, akaumwaga usingizi mbele ya mgeni rasmi, baina ya soda na pilau. Mama mmoja alivuta sahani ya sambusa isije ikachafuka. Maikrofoni ilikuwa karibu, na mkoromo ukatoka kwenye spika zote, wa taratibu, wa raha. Watoto wawili watatu walipiga miayo.

"Chukua mali yako," alisema Bi Kijakazi. "Nimeupekua wote, mpaka bondeni. Hayumo."

Kanali alifuta mdomo kwa kitambaa. "Dada yangu, huo ni wako kisheria. Mimi siutaki tena. Kusema kweli ulinisaidia sana kuuchukua."

Watu walicheka, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

"Siku na mahali," alisema Bi Kijakazi. "Shamte ulimweka wapi?"

Kanali alikunja uso, akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidia. Bi Kijakazi alikuwa ametembea ndani ya usingizi wake, kwa hiyo alijua kwamba haigizi.

"Shamte yupi?" aliuliza Kanali.

"Mama, tafadhali," Wambura aliingilia, bado yuko kwenye maikrofoni. "Kaa upate chakula. Mama umeshalipwa, sasa unatuharibia shughuli kwa nini?"

"Watu wengine hawatosheki," alisema yule mama wa sambusa. "Mimi nina kazi mbili. Ningepewa hata robo ya huo, ningesujudu."

Gichuki alikuwa meza ya karibu, amevaa fulana ya Asiyelala chini ya koti. Aliitazama sahani yake mpaka mteja wake alipokusanya usingizi ule, akaukunja, akaurudisha mfukoni, akatoka. Baadaye alimweleza kwamba mtu ukiwa na ofisi mpya, wateja hupatikana kwenye shughuli kama zile.

Bi Kijakazi aliupeleka mahakamani. Karani alikuwa mwungwana, hakumfokea. Alimwonyesha sahihi yake mwenyewe, akamwambia deni limelipwa, na kwamba mahakama haina stoo ya usingizi. Kanali alirudi nyumbani, akashinda kwa kura nyingi, zikiwemo za mtaa wa Yumna. Siku ya kuapa, redio zilisifu kwamba katika hotuba zote za siku ile hakusinzia hata mara moja.

Ijumaa Yumna alipiga simu.

"Hayumo, wifi," alisema Bi Kijakazi.

"Bondeni pia?"

"Bondeni pia."

"Hata kwa bahati mbaya? Hata anapita tu?"

"Hata anapita."

Yumna alitazama pembeni ya simu, mahali ambapo pengine palikuwa na kabati lake. "Basi hizi kanga nazo nitazivaa tu," alisema. "Kitambaa kizuri, haifai kuliwa na mende."

Bi Kijakazi aliurudisha usingizi wa Kanali kwenye mfuko, akauingiza kabatini, akafunga kwa ufunguo. Alivuta pazia, akajilaza kwenye ule wake wa matambara, uliokuwa umekaa chini ya kitanda muda wote huo na kupata vumbi. Ulikuwa baridi na haukumtosha miguu. Magoti yakaanza kuuma mara moja.

Haikupita saa nzima, Shamte akaingia. Alisimama dirishani, pale pale pake, wino mikononi. Bi Kijakazi alimwuliza, kama alivyokuwa anamwuliza sikuzote, siku gani, na wapi. Shamte hakuwahi kumjibu. Safari hii alimtazama dadake, akafungua mdomo, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, anaonyesha kwa kidole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na midomo yake ilikuwa inataja majina.

Bi Kijakazi alikaa kitako, akatega sikio, akamwomba apaze sauti. Hakusikia hata neno moja. Kabatini, usingizi wa Kanali ulikuwa unakoroma.