Mkono Usio na Kibao

Feni ilizimwa, maana upepo wake huupoteza mpira wa meza, na ukumbi mzima ukaanza kutokwa jasho. Koyeli alipanda kwenye stuli aliyowekewa kando ya wavu. Kidole chake cha mguu kilipogonga mguu wa meza, mkono ulishuka wenyewe, ukaigusa meza, ukapanda hadi kwenye paji la uso. Katika nyumba ile ungeweza kusahau jina lako, lakini si hilo. Kitabu, mtu mzima na meza aliyoiranda marehemu Babu: ukivigusa kwa mguu, unaomba radhi papo hapo.

Nje, mvua ya Siliguri, India, ilikuwa ikiyalowesha matofali. Yalipangwa uani tangu juzi, na asubuhi fundi angekuja kujenga ukuta. Mwanasheria alikuwa ameigawa nyumba katikati: upande huu Nirupam, baba yake Koyeli, upande ule Sukomal, mdogo wake Nirupam, pamoja na Bibi, mama yao. Mpaka ulipita ukumbini, chini ya wavu kabisa. Na chanzo cha yote hayo? Pampu ya maji. Nani aliiacha ikinguruma mpaka ikaungua? Wanaume wawili wenye mvi, waliowahi kushirikiana na kulitwaa kombe la wilaya, walikuwa wamenuniana mwaka mzima kwa ajili ya pampu! Aibu tupu.

Bibi ndiye aliyekuja na shauri la mchezo. "Baba yenu aliwamalizia ugomvi hapa mezani," aliwaambia. "Chezeni seti moja. Nirupam akishinda, ukuta ujengwe, nami nife huko upande wangu. Sukomal akishinda, matofali yarudi yalikotoka. Koyeli atahesabu. Huyu hajui kupendelea."

Laiti angejua! Bibi ndiye aliyemlea, na mpaka leo humsuka nywele kila asubuhi. Ukuta ungemtenga naye. Lakini aliyeutaka ukuta alikuwa baba yake mzazi.

"Mwambie baba yako mdogo aurushe mpira juu anapoanzisha," alisema Nirupam, bila kumtazama mdogo wake. "Anauficha kiganjani kama mwizi wa mayai."

"Mwambie baba yako," Sukomal akajibu, "alirudishe tumbo lake. Limeshavuka wavu kuja kwangu."

"Nane kwa nane," alisema Koyeli. Hakuna aliyecheka.

Ikawa tisa kwa tisa, kisha kumi kwa kumi. Sasa kila mmoja alianzisha mara moja tu na kumwachia mwenzake, na wa kushinda alipaswa kutangulia kwa pointi mbili. Sukomal akapata moja. Kumi na moja kwa kumi. Imebaki moja tu, na hakuna ukuta. Bibi aliyafumba macho yake yenye ukungu, midomo ikitembea.

Nirupam akaanzisha. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda, kisha Sukomal akauweka karibu kabisa na wavu. Nirupam aliruka mbele kuuwahi, na mguu wake ukaupiga mguu wa meza kwa kishindo. Akauinua mpira kwa shida. Wakati unapaa, mkono wake wa kushoto ulishuka, ukaigusa meza, ukapanda kwenye paji la uso. Sukomal, macho yakiwa kwenye mpira, akaurudisha. Nirupam akauchapa kwa kibao chake, ukampita mdogo wake na kupotelea jikoni.

"Kumi na moja kwa kumi na moja!" Nirupam alipiga kelele.

Koyeli aliitazama meza. Juu ya rangi ya kijani palikuwa na alama ya kiganja, mbichi kwa jasho. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, atakuwa amemwangusha baba yake mbele ya Bibi.

"Pointi ya baba mdogo. Kumi na mbili kwa kumi," alisema. "Mkono, Baba. Umeigusa meza mpira ukiwa bado mchezoni."

"Nani kaona?"

"Mwambie baba yako mimi sikuona kitu," alisema Sukomal taratibu. "Tuendelee tu."

"Mimi nimeona." Koyeli akaionyesha ile alama kwa kidole. "Uliipiga meza teke, ukaomba radhi."

Nirupam aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha meza. Alama ilikuwa ikikauka kuanzia pembeni: vidole vilishatoweka, kiganja kikabaki. Angesubiri kidogo tu, isingekuwepo. Kila jioni ya utoto wao Babu aliwapigia kelele wakiwa wamesimama hapo hapo: mkono usio na kibao hauna kazi mezani!

"Nimempiga Baba teke," alisema kwa sauti ndogo.

Akakilaza kibao. Akauzunguka wavu, akauvuka mpaka wa mwanasheria, akasimama mbele ya mdogo wake, jasho likimchuruzika.

"Sukomal," alisema. "Kesho njoo unisaidie kuyatoa yale matofali. Peke yangu sitaweza."

Sukomal, kwa mazoea, alimgeukia Koyeli. "Mwambie baba yako..." alianza, akakwama, mdomo wazi. Akaufuta uso kwa mkono wa shati, zaidi ya jasho lilivyohitaji.

"Nitakuja, kaka."