Beberu Aliyekataa Kutetemeka

Theluji ilimkuta mume wangu juu kwenye njia ya milimani ya Jalsu na mifugo yetu, wachungaji wenzake wote wameshashuka. Baba Sarno hana haraka na jambo lolote, hata kufa. Nikamwomba Shiva: nirudishie mzembe wangu huyu, nami nitakuchinjia Kalu, beberu anayeongoza kundi letu. Wakatokea bondeni, Kalu mbele, baba Sarno nyuma, mwanakondoo amemtia kifuani ndani ya koti lake la sufu. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Basi asubuhi moja tukaenda hekaluni kutimiza nadhiri. Kwetu mungu halishwi kwa nguvu. Mnyama hunyunyiziwa maji mgongoni. Akitetemeka, zawadi imepokelewa. Asipotetemeka, kisu hakishuki.

Kuhani wetu, mzee Pritho, akamnyunyizia Kalu. Hakutetemeka. Akamnyunyizia tena, safari hii kwa mkono wa ukarimu. Kalu huyo, maji yanamchuruzika, anatafuna shada la maua tulilomvisha. Wanawake wakaanza kunong'ona. Shukrani ikikataliwa, aliyeokolewa anaweza kuchukuliwa. Nikamuuliza Shiva kwa sauti anataka nini tena, maana mimi chema kupita hicho sina.

Baba Sarno akakohoa.

"Mama Sarno, usinigombeze mbele za watu."

"Sema."

"Kule juu nililala nimemkumbatia Kalu. Joto lake ndilo lililoniweka hai. Na mimi nikaweka nadhiri. Nilimwambia Shiva, nikifika nyumbani, huyu atakufa kwa uzee wake."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akajibu kwamba theluji aliiweza, ulimi wangu ndio uliomshinda. Watu wakavunjika mbavu, mzee Pritho naye, mpaka maji yakamwagika. Sikumgombeza. Mume wangu alikuwa hai, ananitania.

Tukamleta kondoo mnono niliyekuwa nikimtunza kwa ajili ya harusi ya Sarno. Tone la kwanza tu, akatetemeka mwili mzima. Nikamshukuru Shiva kwa moyo wangu wote. Kisha nikamwendea Kalu, aliyekuwa bado anatafuna maua yake, nikainama nikagusa miguu yake, kama tunavyowaamkia wakubwa wetu.