Mtego wa Kumnasa Protini

"Mtego wangu mimi, protini ikishaingia haitoki mpaka niiruhusu," Tadjidine aliwatambia vijana wenzake wa Moroni, ameinua kijibomba cha kioo chembamba kama sindano.

Kijibomba hicho kilitakiwa kukaa mbele ya mashine ya maabara kule Mutsamudu: kikamate protini, chumvi zipite zake, ndipo mashine ichambue. Mkuu wa maabara, Fundi Fakri, ndiye baba yake Chamsia, mchumba wa Tadjidine, naye alishasema. Mtego ukifanya kazi, Tadjidine anahamia nyumba aliyomjengea binti yake. Usipofanya, abaki kwa mama yake.

Unga maalumu wa kukijaza, ule unaoishika protini, haukufika. Tadjidine akachota msindanu wa shangazi yake, ule unga wa msandali wanaojipaka wanawake usoni, akaushindilia humo.

Bandarini Moroni, akingoja chombo cha kuvukia kisiwa cha pili, Mutsamudu iliko, mamluki mmoja wa Kizungu, katika wale walioishika nchi siku hizo, akamsimamisha.

"Nini hiki?"

"Mtego."

"Wa kumnasa nani?"

"Protini."

Mzungu akakunja uso. Jina hilo hakulijua, na asiyejulikana ni hatari kwa serikali. Akamwita askari wake, Combo. "Fuatana naye. Huyo Protini akipatikana, niletee."

Mutsamudu, Combo akamwandama vichochoroni mpaka maabara. Fundi Fakri akaweka mezani ute wa yai uliochanganywa na maji ya chumvi.

"Huu umejaa protini. Upitishe. Maji yatakayotoka nitayachemsha. Yakigeuka meupe, protini imekuponyoka, na nyumba pia." Akaenda kuswali adhuhuri.

Combo akauchungulia ule ute. "Kumbe Protini ni huyu?"

"Ndiye."

"Kajificha ndani ya yai." Combo akatikisa kichwa. Maadui wa serikali hawaishiwi mbinu.

Tadjidine akasukuma ute. Msindanu ukalowa, ukavimba, kijibomba kikaziba kabisa. Akakichokoa kwa waya, unga wote ukamwagika. Mtego ukabaki mtupu kama filimbi. Basi akakoroga maji mengine ya chumvi, akayapitisha hayo peke yake, na ute akaubugia, akafuta midomo.

Fundi Fakri aliporudi akayachemsha. Maji yakabaki maangavu. Uso wake ukakunjuka.

"Mwanangu, funguo nikupe leo?"

"Si nilisema, mzee wangu? Protini iko kifungoni."

"Kifungo gani," Combo akasema pale mlangoni. "Protini kaingia mdomoni mwa huyu bwana, nimemwona kwa macho yangu. Na mimi nimeagizwa nimpeleke Moroni. Kwa hiyo, bwana, tangulia wewe na tumbo lako."