Watu wa Moja kwa Mia

Jumatatu asubuhi Lornah alikuwa amepiga magoti ndani ya tangi kavu, gundi imemkauka kwenye vidole, anabandika nyumba. Tangi lilikuwa kubwa kama uwanja wa netiboli, limejengwa kwa zege ndani ya godauni moja karibu na reli hapo Kisumu, na humo ndani ufuo mzima wa Nyakwacha ulikuwa umefinyangwa kwa saruji: ghuba, mawe ya kufulia, njia ya kushuka ziwani, kila kitu kimepunguzwa mara mia. Upande mmoja kulikuwa na pala la chuma la kusukuma mawimbi. Katikati ulisimama ukuta wa plastiki. Ukifaulu jaribio utajengwa wa ukweli, maana ziwa limepanda na halionyeshi nia ya kurudi.

Shida ni kwamba ukuta ulipita nyuma ya Nyakwacha. Beach yote ilibaki nje, upande wa maji, na nyumba ya Anti Rachael ikiwemo. Anti Rachael ni mdogo wa mamake Lornah, ndiye aliyemlea kwa samaki wa kukaanga mpaka akamaliza uhandisi chuo kikuu. Lornah alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: ukuta ukisogea mbele mita arobaini tu, kila mtu yuko ndani.

"Mchoro ulishapitishwa," Injinia Wepukhulu alimwambia. Huyu ndiye mkubwa wake, mtu wa Bungoma, mpole, hapandishi sauti hata akichomwa na chai. "Lakini jaribio ndilo litasema. Data ikionyesha ukuta usogee, mimi nasaini."

Basi Lornah akaona mahali pa kuingilia. Kwenye modeli, nje ya ukuta palikuwa patupu kama mkono, kwa sababu ramani ya mradi haikuonyesha nyumba yoyote pale. Data itaonaje watu ambao hawapo? Akakata mikebe ya soda, akatengeneza nyumba za mabati, akazipanga vile zilivyo. Wepukhulu akatazama, akasema sawa, zitapendeza kwenye picha.

Hapo ndipo Lornah alipofanya kosa, kama lilikuwa kosa. Kwao Ujaluoni mtu hawezi tu kusimamisha nyumba mahali papya. Dala, yaani boma jipya, hufunguliwa: baba wa boma anakuja na jogoo, kijana wake mkubwa anabeba shoka, mke anabeba moto, na nyumba ya kwanza inasimama siku hiyo hiyo. Lornah hakuwa na baba wa boma pale godauni. Alikuwa na unyoya wa jogoo aliookota soko la Kibuye kwa wauza kuku, wembe badala ya shoka, na njiti ya kiberiti. Akavipanga mbele ya nyumba ya kwanza, akawasha njiti, akasema kwa mzaha, "Haya, dala ndiyo hii. Karibuni."

Jumanne asubuhi moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Watu walikuwa wamehamia, wadogo kama njugu ambayo haijamenywa. Wanawake walikuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, na hao omena hungeweza kuwaona mpaka uiname na kushika pumzi. Watoto walikuwa wanafukuzana kwenye saruji. Sauti zao zilikuwa kama mbu aliye chumba cha pili, lakini ukiweka sikio karibu ulisikia Kijaluo kabisa, na matusi kiasi. Anti Rachael mdogo alikuwa mbele ya nyumba yake na leso ya manjano, anageuza samaki, anamgombeza mtu.

Wepukhulu alikuja na chai yake, akachuchumaa, akatazama kwa muda.

"Wamelala hapa?"

"Nadhani, Injinia. Nilifungua dala."

"Mm." Akanywa chai. "Hao watabadilisha ukwaru wa ufuo. Maji yatapita kwa shida zaidi kuliko kwenye saruji tupu. Waweke kwenye hesabu."

"Kama watu?"

"Kama ukwaru, Lornah. Modeli haina mahali pa watu."

Jioni hiyo Lornah alipitia Nyakwacha yenyewe, akampa Anti Rachael habari, maneno yakimtoka yakikanyagana. Anti alisikiliza bila kuacha karai lake.

"Na huyo mdogo anauza?"

"Anauza, Anti. Na foleni iko."

"Anaweka chumvi ya kutosha?"

"Sijaonja. Samaki wake ni kama chembe ya sukari."

"Basi usitangaze jina langu huko kabla hujaonja, nyathina, mwanangu." Wateja wakacheka. Mzee Oluoch, ambaye alikuwa anashona wavu pembeni, akauliza kama yeye pia yuko ndani ya tangi. Lornah akamwambia yuko, tena ana kofia ileile. Mzee alifurahi. Alisema ni vizuri mtu kujulikana na serikali.

Alhamisi wakajaza maji. Lornah alikuwa amewainamia wale watu asubuhi, akawaeleza polepole kwamba dhoruba inakuja, wapande juu ya ukuta. Walipanda. Walibeba magodoro, sufuria, televisheni moja, kuku. Akina mama walipitisha watoto mkono kwa mkono mpaka juu. Halafu pala likaanza kusukuma, na mawimbi yakaja moja baada ya lingine, ya kijivu, taratibu, kama mtu anayekunjua shuka. Yalipita juu ya mabati bila haraka. Kwenye dari ya godauni mwanga wa maji ulikuwa unacheza, na Lornah alijikuta amelegea kama anayebembelezwa, kalamu mkononi, mpaka akasahau kuandika vipimo viwili.

Maji yaliposhuka, Mzee Oluoch mdogo alipatikana kwenye chujio la pampu. Alikuwa amekataa kuacha nyavu zake. Walimzika mbele ya nyumba yake, vile inavyotakiwa, na ngoma za kilio zilisikika godauni nzima kama mlio wa saa ya mkono. Lornah alisimama nao mpaka mwisho. Wepukhulu alivua kofia.

"Tumuandike wapi?" Lornah aliuliza.

"Mmoja hawezi kuonekana kwenye grafu," Wepukhulu alisema, na alisema kwa huruma kabisa. "Jaribio moja pia si kitu. Tutarudia mpaka sampuli itoshe."

Wakarudia. Kila Alhamisi maji, kila Ijumaa wale watu wananyoosha mabati, wanajenga upya, wanaanika omena. Lornah aliingiza namba kwenye kompyuta akiwa na matumaini yake yote. Akalinganisha na majaribio yaliyofanywa kabla hajabandika nyumba, yale ya ufuo mtupu. Tofauti ilikuwepo, kubwa, na haikuwa ya bahati nasibu. Alikagua mara nyingi, kila kifungu, kwa sababu hakupenda ilichokuwa inasema.

Bila nyumba, maji yaliruka ukuta na kumwagikia mjini. Zikiwepo nyumba, hayakuruka. Mabati, vibanda, majiko, vitanda, yote yalikuwa yanayavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika. Nyakwacha ilikuwa inaulinda ukuta.

Wepukhulu alisoma, akapiga mluzi mdogo. "Kazi nzuri sana, Lornah. Hii hakuna mtu alikuwa ameiona."

"Injinia, mimi nilitaka ukuta usogee."

"Najua. Lakini uliitaka data, na data ndiyo hii." Akasaini. Ripoti ilipendekeza ukuta ubaki palepale ulipochorwa, na wakazi wa Nyakwacha wahimizwe kuendelea kukaa walipo. Jina la Lornah liliwekwa la kwanza.

Mawe ya ukuta wa ukweli yalianza kushushwa baada ya Pasaka. Lornah alienda kumweleza Anti Rachael mwenyewe, na safari hii maneno hayakukanyagana. Alimwambia yote: ukuta utapita nyuma yao, ni wao watakaokuwa mbele. Mzee Oluoch alikuwa palepale pembeni, mzima, anatafuna muwa wa Muhoroni. Lornah alimsalimia kwa mikono miwili.

Anti alifikiri kidogo. "Na wale wadogo? Wanaishije na hayo maji?"

"Wamezoea, Anti. Wanajua ni Alhamisi saa nne. Saa tatu na nusu wako juu ya ukuta, watoto kwanza. Siku hizi hata hawapigi kelele."

"Wana akili." Anti Rachael aligeuza samaki wa ngege, mafuta yakalia. "Na yetu ni siku gani?"

Lornah alitazama ziwa. Lilikuwa limetulia, la rangi ya maziwa, magugu maji yanapita polepole yakielekea popote.

"Yenu hayana siku, Anti."

"Ber," alisema Anti Rachael, yaani sawa, na akamchagulia samaki mkubwa. "Kula basi, kabla hajapoa."