Kuku wa Kuazima wa Kikundi cha Jitegemee

Usiku wa jana niliota niko halmashauri, nimeketi kwenye benchi katikati ya kuku wawili, na wote wawili walikuwa wamewahi foleni kabla yangu.

Kabla sijaendelea lazima niseme ya mchana, maana bila hayo ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu. Mimi ni mwenyekiti wa Jitegemee, kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku wa kienyeji. Mwaka jana halmashauri ilitupa msaada wa kwanza, tukajenga banda zuri la mabati, tukalijaza kuku. Halafu ugonjwa wa kideri ukaingia bandani mwetu, wakabaki watatu, na mmoja wao ana chongo. Hatukumwambia mtu. Sasa msaada wa awamu ya pili ni mashine ya kutotolea vifaranga, na kabla ya kuitoa, wageni kutoka wilayani wanataka waone banda lenye kuku.

Hidaya, katibu wetu, akasema kuazima si kuiba. Tukapita nyumba kwa nyumba na tenga. Huku kwetu kila mtu humfunga kuku wake kitambaa mguuni asije akachanganyika na wa jirani, kwa hiyo mpaka saa nne banda letu lilikuwa limejaa vitambaa vya kila rangi. Wa mwisho kuazimwa alikuwa wa Bi Somoe, mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anaye huyo mmoja tu, na alikuwa analalia mayai. Bi Somoe aliwahi kuomba kuingia Jitegemee, tukamjibu kwamba mwenye kuku mmoja hana mradi. Jana kuku yule yule tukaona anafaa.

"Mchukueni," alisema, "lakini mnirudishie kabla mayai hayajapoa."

Wageni hawakuja. Walipiga simu alasiri, gari limeharibika, watafika kesho. Hidaya akafunga banda, akasema tukimrudishia mmoja wake wote watataka wao, na kesho tutaaibika. Magharibi Bi Somoe akaja kupiga hodi nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani. Nikamsikia anauliza, "Asumini yupo?" Na Hidaya, aliyekuwa sebuleni akipanga soda za wageni, akamjibu, "Hayupo, Bi."

Nilisikiliza ndala zake zikiondoka polepole mpaka zikaisha, ndipo nikatoka. Nililala na aibu hiyo kitanda kimoja, na nadhani ndiyo iliyoota, si mimi.

Basi, niko kwenye benchi. Ukumbi unanuka pumba. Kuku wa kushoto kwangu ana kitambaa cha kijani na anasoma matangazo ukutani.

"Samahani, mama," ananiambia. "Wageni wakituuliza sisi ni wa nani, tuseme nini?"

"Semeni ni wa kikundi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Anamgeukia mwenzake. "Umesikia? Tangu mwanzo." Mwenzake anasema kwamba yeye mwanzoni alikuwa yai kwa mama Nasma, ila hana ubishi na viongozi.

Nawasimamisha wote tufanye mazoezi ya wimbo, kwa sababu kikundi kisicho na wimbo wa kukaribisha wageni hakipewi kitu. Wanaimba vizuri kuliko sisi. Wanaimba karibuni wageni, wanaimba banda letu, lakini wakifika kwenye "kuku wetu" wananyamaza wote kwa pamoja, halafu wanaendelea na ubeti unaofuata. Nawarudisha mwanzo. Wananyamaza palepale.

"Hapo sauti haitoki," ananieleza yule wa kijani. "Tumejaribu."

Dirisha linafunguka. Nyuma yake ameketi mgeni rasmi, ambaye ni ile mashine ya kutotolea vifaranga. Amevaa tai. Kifuani ana taa nyekundu, na waya wake umechomekwa kwenye kopo la maua.

"Jitegemee," anasema. "Masharti mnayajua?"

"Tunayajua, mheshimiwa."

"Sharti la kwanza, mradi uwe hai."

Anaingia daktari mwenye koti jeupe, anaweka kipimo chake ukutani, na sasa naona kwamba ukuta ule ni wa banda letu. Anasikiliza kwa muda mrefu. Anasema linapumua, ila pumzi si yake.

"Sharti la pili," anaendelea mashine, "mwombaji awe na mchango wake mwenyewe."

"Tuna banda."

"Banda ni msaada wa awamu ya kwanza."

"Tuna kuku."

Mashine anaitazama miguu ya kuku, kitambaa kimoja baada ya kingine. Hata jogoo aliyekaa mapokezi anageuza uso pembeni, kama watu wanavyofanya mtu akiangusha chakula mbele ya wakwe. Natamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ni ya halmashauri na haipasuki bila kibali.

"Mchango utakaguliwa baadaye," anasema mashine. "Aitwe mwenyekiti."

"Mimi hapa," nasema.

Mara tupo uwanja wa mpira. Kuna maturubai na viti vya plastiki, mtaa mzima umekaa, na katikati ya goli limetundikwa pazia langu la chumbani, lile la maua ya zambarau. Niko nyuma yake. Mshereheshaji anauliza kwenye kipaza sauti kama mwenyekiti wa Jitegemee yupo. Hidaya anasimama na sare yake iliyopigwa pasi, anajibu, "Hayupo."

Wanaandika sipo. Papo hapo kiti changu kinaondolewa, na soda yangu anapewa daktari. Nasema nipo, sauti haitoki. Natoka mbele ya pazia, namshika mume wangu mkono wa shati, anaupangusa kana kwamba nzi ametua. Mama yangu mzazi, ambaye ni marehemu, amekaa safu ya kwanza. Mshereheshaji anamsogezea kipaza sauti, anamuuliza kama aliwahi kuwa na binti anayeitwa Asumini. Mama anafikiri vizuri, kwa uaminifu wake wa siku zote, kisha anasema hakumbuki.

Hapo nilirudi nyuma ya pazia mwenyewe, bila kuambiwa.

"Usinivute sana," linasema pazia. "Jana nilikusitiri kwa heshima ya nyumba. Lakini ulininunua kipande, nami ni fupi."

Kuku wa Bi Somoe anavuka uwanja kwa miguu, haharakishi. Kitambaa chake ni kipande cha kanga nyekundu na nyeusi. Anasimama mbele ya vidole vyangu.

"Mimi nakuona," anasema.

"Mbona wengine hawanioni?"

"Wengine wanatazama juu. Kuku hutazama chini, na pazia lako haligusi sakafu."

Nakunja vidole vya miguu. Haisaidii.

"Nani yuko juu ya mayai yangu?" ananiuliza.

Ningeweza kumwambia habari za gari kuharibika. Ningeweza kumweleza kwamba tukimrudisha yeye wote watataka kurudi. Maneno yote hayo ninayo na nimeyazoea, lakini kuku ameinamisha kichwa upande mmoja, ananitazama kwa jicho moja tu, na kumbe jicho moja linatosha.

"Hakuna mtu," nasema.

"Na wewe?"

"Wameandika kwamba sipo."

"Basi una nafasi," anasema kuku. "Nenda."

Anafungua kitambaa chake kwa mdomo, anakifunga kwenye kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Anasema ni ili nisije nikachanganyika na wa watu.

Sasa niko jikoni kwa Bi Somoe. Kwenye kona, karibu na mtungi, kuna karai bovu lenye mchanga na matambara, na ndani yake mayai. Yameshaanza kupoa. Nachuchumaa, naketi taratibu, na ndipo nagundua kanga niliyovaa ni ya Hidaya. Wahenga walishayasema ya nguo ya kuazima na matako, sina la kuongeza.

"Mama," linaita yai moja kutoka chini, "mbona leo una mifupa?"

"Lala."

"Wewe si mama."

"Mimi ni wa kuazima," nasema.

Yananong'onezana huko chini. "Utarudishwa lini?"

"Wageni wakishaondoka."

Nafikiri yameridhika. Kisha linauliza lingine, sauti ndogo kuliko zote, "Na wageni wasipokuja?"

Mimi ni mwenyekiti. Nimewahi kujibu maswali ya afisa maendeleo, ya benki na ya diwani, tena nikiwa nimesimama. Swali la yai lile sikulijibu.

Mlango unafunguka, anaingia mashine na tai yake, ameshika kipimajoto. Anasema amekuja kukagua mchango wa mwombaji. Anakipenyeza chini yangu bila haya, anasubiri, anakisoma.

"Baridi," anasema.

"Mheshimiwa, si ukae wewe? Hii ndiyo kazi yako."

"Mimi ni awamu ya pili."

Tunasubiri. Nabana magoti, najifunika, napuliza pumzi kifuani. Anapima tena, anasema baridi. Mayai hayaongei tena na hilo ndilo linaloniogopesha. Nasema moyoni, haya yakifa, Bi Somoe hana kuku wa kesho, hana wa kesho kutwa, na mashine nitakayopewa itakaa bandani ikitotoa mayai ya wengine na mimi nitaimba.

Bi Somoe anaingia na koroboi mkononi.

Ananimulika. Ananikuta nimechuchumaa kwenye karai lake, kanga fupi, kitambaa mguuni, mgeni rasmi pembeni yangu. Nataka kumwambia sipo, kwamba imeandikwa, aulize.

"Asumini," anasema. "Kumbe upo."

Afadhali angenipiga. Afadhali angepaza sauti mtaa ukajaa, kwa maana kelele mtu unaweza kuzijibu. Yeye anaweka koroboi chini, anavua kanga yake ya juu, ananifunika mabega.

"Kaa vizuri, mwanangu, usije ukayavunja." Kisha anaketi sakafuni kando yangu, anakunja miguu, kama mtu anayemsubiri mgonjwa.

Aibu ilianza masikioni. Ikashuka shingoni, ikaingia kifuani, ikawa moto kabisa. Sikuwahi kuona aibu kama ile, hata siku ya harusi yangu. Ikateremka tumboni mpaka mapajani, nikasikia kule chini mayai yakijisogeza, yakibanana, yakitulia. Mashine akapima.

"Thelathini na saba na nusu," akasema. Taa yake ya kifuani ikageuka kijani. "Mchango wa mwombaji umeonekana."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaadhiniwa na masikio yangu yalikuwa yanawaka. Mume wangu akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa. Nikamwambia sina, nikatoka vivyo hivyo, peku, nikafungua banda. Kuku wa Bi Somoe alikuwa mlangoni amesimama. Nikambeba kifuani chini ya kanga.

Bi Somoe alikuwa jikoni akipuliza moto.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana ulipokuja nilikuwepo."

"Najua," alisema, akasukuma kuni ndani. "Niliiona miguu yako chini ya pazia. Nikasema, huyu labda ana lake linalomsumbua, nisimwaibishe."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamwambia mengine yote, ya kideri na wale watatu waliobaki, na kwamba wageni wakija leo nitawaonyesha hao hao watatu na mwenye chongo nitamtanguliza. Hidaya atanichukia. Bi Somoe akasema mashine basi nimeikosa. Nikasema nimeikosa.

"Na mimi nimekosa vifaranga," alisema, bila ugomvi. "Niliyagusa mayai usiku yakiwa yamepoa, nikaenda kulala. Hata kuyatoa sijayatoa."

Akaingiza mkono ndani ya karai, na mkono ukakaa humo humo. Akachukua yai moja, akaliweka shavuni pake, akanipa mimi. Lilikuwa na joto la mtu aliyetoka kulia. Nilimshusha kuku. Akayazunguka mayai mara moja, akaingia, akajitandaza juu yake.

"Kitambaa chake mmekipeleka wapi?" aliuliza Bi Somoe. "Alikuwa na kipande cha kanga yangu."

Nilisema sijui, labda kimedondoka bandani. Akainamisha macho kukitafuta sakafuni, na macho yake yakasimama kwenye mguu wangu wa kushoto. Nami nikatazama. Kipande cha kanga nyekundu na nyeusi, kwenye kifundo, kimefungwa fundo la hovyo kama lililofungwa kwa mdomo.

Bi Somoe alichuchumaa mbele yangu, akakishika, nikajua anataka kukifungua. Akalikaza fundo, kisha akarudi kupuliza moto wake.